Nilisema Gari Libaki, Sikusema Aachiwe Mtu!

Nyie vijana mtakaosoma haya, wenye magari yenu mazuri na simu mkononi, tulieni kidogo mnisikilize. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja. Nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na skuli madarasa manne tu, kisha nikaolewa. Msitafute maneno ya kupambwa hapa.

Nnaandika kwa sababu nimechoka! Nimechoka kuusikia mkasa wetu ukisimuliwa vibaya kwenye maharusi na matangani... eti Bibi ndiye aliyesema gari libaki, Bibi ndiye wa kulaumiwa.

Ndiyo, nilisema libaki. Na leo mkiniuliza ntasema hivyo hivyo. Lakini sikilizeni ilivyokuwa.

Tulikuwa tukikaa Al Amerat, huku Maskati, Omani, nyuma ya majabali. Miaka ile ya tisini huku hakukuwa kama mnavyokuona sasa. Teksi ilikuwa haiji ila iwe imepotea njia. Asiyekuwa na gari alikuwa kama aliyefungiwa ndani na ufunguo ukatupwa.

Na mume wangu, Bwana Seif, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwisha, akiona mwanga tu. La kushoto ndilo lililobaki. Kwa jicho hilo moja alikuwa akisoma msahafu, akichagua samaki, akinitambua mimi nikiingia chumbani. Daktari alisema hilo lazima liangaliwe kila mwezi mpaka siku ya kupasuliwa, na siku hiyo isikose. Likikosa wakati wake... basi tena.

Aliyekuwa akimpeleka spitali ni mwanangu Nasir. Nasir ni askari, fundi wa mitambo jeshini. Alikuwa na gari jeupe la juu, la kupandia majabali, alilokuwa akilisugua kila Ijumaa kama farasi. Mimi mwenyewe nililishonea nguo ya kiti cha nyuma, kwa kanga nyekundu yenye michoro ya korosho, ili mgongo wa Bwana Seif usiungue na jua.

Basi siku moja Nasir akaja na habari. Jeshi linamhamishia Uingereza miaka miwili, yeye na mkewe na watoto. Na wamemwambia akitaka, gari lake litapakiwa melini limfuate huko huko.

Alhamdulillahi, tulifurahi. Lakini hilo gari! Nyumba haikulala kwa sababu ya hilo gari. Alichukue au aliache?

Mkewe anasema lichukuliwe, watoto watapata baridi wakingoja basi. Nasir anasema lichukuliwe, kwa sababu kalizoea. Binti yangu wa Al Khoudh anasema liuzwe. Jirani naye, ambaye hakuulizwa, anasema Uingereza wanaendesha upande wa kushoto kama Unguja, na gari letu usukani wake uko kushoto, basi Nasir atakuwa akikaa ukingoni mwa barabara kama muuza karanga!

Bwana Seif akawa anasikiliza tu, anakunywa kahawa yake. Mwishoni akasema, "Nipakieni mimi melini. Gari libaki."

Tukacheka. Lakini mimi sikucheka sana. Nikamwambia Nasir mbele ya mkewe, wazi wazi: gari lako likiondoka, baba yako atafikaje spitali? Utambeba mgongoni kutoka Uingereza? Gari libaki. Watoto wako watavaa makoti.

Nasir akakubali. Ni mtoto mwenye kusikia.

Sasa nani wa kuliendesha? Hapo ndipo akaingia Khalfan.

Khalfan ni mtoto wa marehemu ndugu yangu wa kike. Mama yake alifia Unguja, nikamleta Maskati akiwa na miaka kumi na mbili. Nimemkogesha, nimemlisha, nimemtafutia skuli. Kalala chumba kimoja na Nasir mpaka wote wakaota ndevu. Wakati ule alikuwa anakaa Ghubra, anauza vipuri dukani kwa watu, na hakuwa na gari. Nani mwengine angekuwa bora kuliko yeye? Niambieni nyinyi!

Jioni ya kuagana tulikaa barazani sote. Nasir akatoa ufunguo, akamtilia Khalfan kiganjani. Akamwambia hivi, na masikio yangu yalikuwepo:

"Haya, ndugu yangu. Gari nnakuachia wewe."

Basi. Hayo tu! Hakusema mpaka lini. Hakusema la kazi gani. Hakutamka hata lile neno moja linalotutosha sisi Waislamu wote, amana. Nnakuachia... Neno gani hili? Mtu akienda sokoni anamwachia jirani mtoto. Na mtu akichoka na biashara anamwachia mwenzake duka moja kwa moja. Neno ni hilo hilo!

Na si hivyo tu. Ili Khalfan asipate tabu kila mwaka kulipia bima na kukagua gari, Nasir alikuwa keshamwandikisha yeye kwenye mulkiya, kadi ya gari, kuwa ndiye mwenye gari. Kwa wepesi tu. Kwani si ndugu?

Miezi ya mwanzo Khalfan alikuja vizuri. Mimi akiniita Khalati, kwa Kiarabu mama mdogo. Anapiga honi nje, "Khalati, mtoe bwana harusi wako!" Bwana Seif anatoka na kanzu imepigwa pasi, anakaa kwenye korosho zake, wanakwenda.

Kisha akaanza kuchelewa. Kisha akawa anakuja anatazama saa. Kisha nikipiga simu ya nyumbani kwake, gari liko gereji. Mwezi mzima gari liko gereji! Nikamwuliza, gereji hiyo inalitengeneza gari au inalizaa upya? Akacheka. "Khalati nawe!"

Nilitaka kumpigia Nasir. Bwana Seif akanizuia. Alisema mtoto yuko mbali, usimtie wasiwasi, na Khalfan naye ni mtoto wetu, tukimsema atavunjika moyo. Haya zetu hizi! Tunaona haya kumwambia mtu wetu timiza. Wa mbali tunamwambia, mtu wetu tunamwonea haya.

Ikafika siku ya kupasuliwa. Nilikuwa nimemwambia Khalfan, nikamrudia, nikamrudia tena. Akaniapia, "Wallahi Khalati, nitakuwepo alfajiri."

Bwana Seif hakula, kama alivyoamrishwa. Tukasali, tukatoka, tukakaa kwenye ngazi ya mlango. Jua likapanda. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikamkimbilia jirani, mkewe akasema bwana keshakwenda kazini. Nikapiga kwa binti yangu, naye hakuwa akijua kuendesha wakati ule, akaanza kulia kwenye simu. Kilio kitanifaa nini?

Nikavaa buibui nikatembea mpaka barabara kubwa. Mimi, mwanamke wa umri wangu, nimesimama juani nikinyoosha mkono kama mwombaji! Nilipopata teksi na kurudi kumchukua, na kupita Wadi Adai na magari yale yote, tulifika adhuhuri. Kitanda chake keshapewa mgonjwa mwengine. Wakatupa siku nyengine, mbali. Nilisema nao, nikawasihi, nikapandisha sauti. Haikusaidia.

Bwana Seif akanishika mkono. "Twende nyumbani. Njaa inaniuma."

Sasa Khalfan alikuwa wapi? Sikujua. Hakupatikana siku zile zote. Mpaka wifi yangu Bi Moza alipopiga simu kutoka Unguja.

Bi Moza anacheka, hajui kitu. "Wifi, nyinyi Waarabu wa Maskati mna vituko! Khalfan wenu kaleta gari huku, usukani upande wa abiria! Akitaka kuipita gari ya mbele, anamwuliza aliyekaa kulia, 'Nipite? Nipite?' Mji mzima unamcheka. Jana kanipakia mimi, nikadhani mimi ndiye dereva!"

Nikamwuliza, gari gani hilo?

"Jeupe, kubwa. Na kiti cha nyuma kina kanga ya korosho... Wifi? Upo?"

Nilikuwepo.

Mmenielewa? Gari lile tulilokesha tukiligombania, lisipande meli kwenda ng'ambo, lilipanda meli likaenda ng'ambo! Isipokuwa mwenyewe yuko kaskazini, lenyewe liko kusini. Siku ile sisi tumekaa kwenye ngazi, Khalfan alikuwa Dubai, bandarini, analipakia.

Aliporudi Maskati kuchukua vitu vyake, alikuja kwangu. Sikukataa, alikuja na alikaa pale pale barazani. Nikamwuliza jambo moja tu. Kwa nini?

Hakuinamisha hata kichwa. "Khalati, si aliniachia? Wewe ulikuwepo. Alisema gari nnakuachia wewe, na mulkiya akaniandikisha. Angetaka kurejeshewa si angesema?"

"Alikuachia umpeleke baba yake spitali!"

"Hilo hakulisema."

Na kweli... hakulisema! Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Nilimtazama mtoto niliyemlea, nikajua anajua, naye akajua nnajua kama anajua. Lakini neno lilikuwa upande wake.

Nikampigia Nasir Uingereza. Nikamweleza yote. Nikamwuliza kwa nini hakusema ni amana. Akasema, "Mama, Khalfan ni ndugu yangu. Nimwambie amana kama mtu wa dukani? Si ningemtukana?" Kisha, kwa uchungu, akaongeza lile lililonichoma: "Mimi nilitaka kulichukua. Wewe ndiye uliyesema libaki."

Tokea siku ile watu wote wamelishika hilo. Jamani! Mimi nilisema libaki. Kubaki si kuachiwa mtu!

Siku nyengine ya kupasuliwa ilipofika, binti yangu alikuja na teksi kutoka Al Khoudh. Daktari akatazama, akatazama tena, akazima taa yake. Akasema tumechelewa, mshipa wa jicho umekufa, hakuna cha kupasua.

Tuliporudi, Bwana Seif alikaa kitandani akaupapasa ukuta. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Hakuna. Hili jicho nalo kaachiwa Khalfan."

Alitaka nicheke. Sikuweza. Mpaka leo siwezi.

Aliishi miaka sita bila ya kuona uso wangu. Nikiingia chumbani anauliza, nani? Mimi, mke wake wa miaka arubaini, nnaulizwa nani! Khalfan bado yuko Unguja, analikodisha gari lile kwa harusi, nnasikia. Kila Idi anapiga simu kutoa salamu. Nnaitikia, kwa sababu salamu ni haki. Baada ya hapo namkabidhi simu mwengine. Nasir na yeye hawasemezani. Ndugu waliolala chumba kimoja!

Nyie vijana, msinambie nyinyi ni wasomi haya hayakufikini. Kuoneana haya ndiko kunakotuponza. Kumwambia ndugu yako nirejeshee mwezi fulani si tusi. Tusi ni baba kukaa kwenye ngazi na kanzu yake ya pasi. Semeni! Malizeni maneno yenu mdomo ukiwa bado unacheka, kabla haujaanza kulia.

Kwa nini naandika sasa? Kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu Haitham, mtoto wa Nasir, naye askari kama baba yake, alikuja kuaga. Anapelekwa ng'ambo, na gari lake jipya halendi naye. Nimekaa nnachambua mchele, nikamsikia anamwambia dada yake Ruqayya, huku anamrushia ufunguo, "Haya, nnakuachia gari."

Sinia likaniponyoka.

Nasir alikuwa mlangoni. Sote wawili tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tokea miaka ile hakunilaumu. Aliufunga mlango, akaegemea.

Nikawaambia: "Ruqayya, mrejeshee ufunguo. Haitham, kaa chini. Nyote kaeni, na mchele hapana wa kuuokota sasa hivi. Katika nyumba hii hakuna atakayeachiwa kitu kwa neno moja tena. Unamwachia afanye nini? Mpaka lini? Alirejeshe kwa nani? Sema, sote tusikie. Hapana mtu anayetoka mlango huu mpaka umalize."