Maneno Meupe ya Pini

Kila alipotoka shule, Pini alipitia kwanza karakana ya baba yake. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu alikuwa msichana mwembamba, na kila walipofika walimkuta ameshika kopo la pini huku baba akivuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi. Baba alikuwa fundi wa makochi. Alibadilisha sponji zilizobonyea, akakaza springi na kushona vitambaa vipya. Kochi lililoingia hoi lilitoka likitamanisha kukaliwa.

Tatizo lilikuwa wateja. Karakana ilijificha nyuma ya duka la rangi, na wengi hawakujua kama ipo. Kwa hiyo Pini, ambaye alikuwa moto wa kuotea mbali katika klabu ya kompyuta, alimtengenezea baba ukurasa mtandaoni wenye picha za kazi zake na ramani ya kufika karakana.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewaeleza jambo moja. "Mtu anayetafuta kitu mtandaoni huandika maneno. Injini ya utafutaji nayo huzipekua kurasa, ikitafuta zenye maneno hayo. Kwa hiyo, weka kwenye ukurasa wako maneno ambayo mteja wako angeyaandika."

Pini alishika habari ya maneno, habari ya "mteja wako" ikampita. Alichunguza kwenye simu watu wa mtaani hutafuta nini zaidi, akaona: daktari wa watoto, kliniki ya karibu, matibabu ya dharura. Akayabandika yote chini ya ukurasa, tena na tena, kwa herufi nyeupe juu ya nyeupe. Jicho la mtu lisingeyaona, lakini injini ingeyasoma. "Wakishafika," alijiambia, "si wataona na makochi?"

"Umeandika nini humo, mwanangu?" baba aliuliza.

"Mambo ya makochi tu, baba," Pini alijibu bila kupepesa macho.

Jumamosi moja asubuhi, teksi ilisimama kwa kishindo mbele ya karakana, ikamshusha mama mmoja na kuondoka. Mama yule aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni, mtoto mdogo begani. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na kila alipovuta pumzi ilisikika kama mluzi.

"Daktari! Daktari yuko wapi? Ameumwa na nyuki!"

Baba alibaki na nyundo hewani. "Daktari? Dada yangu, hapa tunatengeneza makochi."

Mama alitazama huku na huku: sponji, mbao, makochi yaliyovuliwa nguo. Akanyoosha simu yake yenye orodha ya majibu ya utafutaji. "Lakini imeandikwa hapa! Daktari wa watoto, matibabu ya dharura! Nimepita hospitali nyingine njiani kwa sababu hii imeandikwa ni ya watoto!"

Kopo la pini lilimponyoka Pini, pini zikatapakaa sakafuni.

Baba hakungoja maelezo. Alisukuma viti viwili kutoka kwenye pikapu yake iliyokuwa nje vikaangukia barabarani, akamsaidia mama kupanda, akapaza sauti, "Pini, panda! Mshike mama asiyumbe!"

Njia nzima Pini alisikia mluzi ule. Mara ukawa mwembamba zaidi. Mara ukanyamaza, mama akapiga ukelele, kisha ukarudi. Pini alijikuta anahesabu pumzi za mtoto asiyemjua, na kila moja ilipochelewa, moyo wake ulisimama.

Hospitalini, muuguzi alimnyakua mtoto mikononi mwa mama, akampiga sindano ya paja palepale mlangoni, kisha akaingia naye ndani. Walikaa kwenye benchi wakisubiri. Baadaye muuguzi alitoka akifuta jasho.

"Anapumua vizuri sasa. Lakini mama, mbona mmechelewa hivi? Mngekawia kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine."

"Ni simu," mama alisema huku akilia. "Sijui nilisoma vibaya. Mimi ndiye mjinga."

Maneno hayo yalimchoma Pini kuliko angetukanwa. Alisimama. "Hukusoma vibaya, mama. Ni mimi. Niliyaandika yale maneno nikayaficha, ili watu waje kwa baba."

Baba aligeuka taratibu. Pini hakuwahi kumwona na uso ule. Haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyezabwa kofi na mtu asiyemtarajia. "Wewe, Pini? Uliponiambia ni mambo ya makochi?"

Mama alifuta machozi. Hakumwambia pole, hakumwambia usijali. Alimpa simu yake. "Yafute. Hapa hapa, nikiona."

Pini aliufungua ukurasa kwa neno lake la siri, akayafuta, neno baada ya neno, machozi yakidondokea kioo.

Alidhani yameisha. Jumatatu alipotafuta "daktari wa watoto", karakana ya baba ilitokea tena! Alimkimbilia mwalimu wa kompyuta.

"Injini bado inakumbuka ukurasa wa zamani," mwalimu alisema. "Itachukua siku kadhaa kuupitia upya. Tutaiomba iharakishe, lakini wewe usikae tu."

Pini alisimamisha mbele ya karakana bango kubwa la rangi nyekundu: HAPA SI KLINIKI, na chini yake njia ya kwenda hospitali. Kila siku baada ya shule alisimama kando yake. Mzee mmoja mwenye kikohozi alifika, akasoma, akaguna, akaelekezwa. Pini aliona aibu hadi masikioni, lakini hakuondoka.

Karakana ilipotoweka kwenye majibu ya daktari, mwalimu alikaa na Pini na baba wakaandika upya. Safari hii walimuuliza baba wateja humwambia nini. "Husema kochi limebonyea," baba alijibu. "Au wanataka kubadilisha kitambaa." Wakaandika hayo, kwa herufi nyeusi zinazosomeka. Wiki hiyo hiyo akaja mwalimu mstaafu mwenye kochi lililobonyea, amewapata kwa simu.

Jioni, baba alimkalisha Pini kwenye kochi hilo.

"Mwanangu, mtu anayetafuta kitu ametuamini kabla hajatuona," alisema. "Huenda anatafuta fundi, huenda anatafuta pumzi ya mwanawe. Hatumjui. Kwa hiyo tuandike tulicho nacho, basi. Na nikikuuliza umeandika nini, niambie."

"Nitakuambia, baba," Pini alisema, na safari hii alimtazama usoni.