Vidonge vya Nywele na Kisu cha Vitunguu

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Mshonaji alisimama nje na taulo begani. Binti yake wa miaka saba alisimama nyuma yake na mswaki mkononi. Ndani alikuwamo fundi mpaka rangi, mume wa mmoja na baba wa mwingine.

"Baba, tunachelewa," mshonaji alisema.

"Dakika moja."

Dakika hiyo ilikuwa na dakika ishirini ndani yake.

Mpaka rangi hakuwa anaoga. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya kioo cha ukutani. Mkononi alishika kioo kingine kidogo ili auone utosi wake. Nywele za hapo zilikuwa zimepungua. Mwaka uliopita, sehemu iliyo wazi ilitosha kufunikwa na kifuniko cha chupa. Sasa ilihitaji kisosi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kazini, msimamizi mpya alimwona kwa nyuma akamwita, "Mzee, nisogezee ndoo hiyo." Mafundi wengine wakacheka. Jina likashika. Tangu siku hiyo, mpaka rangi hakuvua kofia, hata wakati wa kula.

Mkewe hakuijua habari hiyo. Alichokijua ni chupa. Kwanza yalikuja mafuta yaliyonuka. Kisha ikaja sabuni nyeusi. Kisha dawa ya maji ya kupaka, ambayo ililowesha foronya zote mbili. Mwisho kikaja kikopo cheupe kisicho na maandishi.

"Na hicho je?" aliuliza.

"Vitamini," mumewe alijibu.

Haikuwa vitamini. Mpaka rangi alikinunua kwa muuza vipodozi wa sokoni. Muuzaji alimwambia, "Vidonge hivi ni vya wazee wenye tezi dume. Lakini ukikata vipande vinne, ukameza kipande kimoja kwa siku, nywele zinarudi." Hakumuuliza ana ugonjwa gani, wala anaishi na nani.

Basi kila jioni, mpaka rangi aliingia jikoni. Aliweka kidonge juu ya kibao cha kukatia mboga. Alikikata kwa kisu cha vitunguu, kisha akalipuliza vumbi lake na kwenda zake. Kibao na kisu vilioshwa na mkewe, ambaye alikuwa na mimba changa.

Baada ya wiki chache, nywele zilianguka zaidi kuliko mwanzo. Mpaka rangi aliziokota juu ya mto moja moja. Akaona dawa ni ndogo. Badala ya robo akameza nusu. Na ile dawa ya kupaka, badala ya kupima kwa kidripu chake, kile kibomba cha kudondoshea, akawa anaimimina kichwani kama mtu anayemwagilia mche.

Mwezi wa tatu wa vidonge hivyo akaanza kubadilika. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, akasahau kuvaa cha pili. Binti yake akimsimulia habari za shule, alisema "ndiyo" mahali pa "hapana". Usiku aligeukia ukuta. Mkewe akimgusa kifuani, alijikunja.

"Usiguse hapo. Panauma."

"Umegongwa na nini?"

"Sijui. Acha tu."

Mshonaji aliacha mara ya kwanza. Aliacha mara ya pili. Mara ya kumi alikaa kitako.

"Hunitaki kwa sababu nina mimba?"

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Nimechoka."

"Umechoka tangu mwezi uliopita. Unapaka kuta ngapi, za dunia nzima?"

Mpaka rangi aligeukia ukuta tena. Mwili ulikuwa hauitiki, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Aliona aibu kulisema hilo, hata kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Siku moja ya Alhamisi alikuwa juu ya ngazi, akipaka dari la ofisi. Ghafla moyo ukaenda mbio. Macho yakaingia ukungu. Aliikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Kopo la rangi likaanguka na kutapakaa sakafuni. Msimamizi alimsaidia kushuka hatua kwa hatua.

"Kapimwe," alimwambia. "Usinirudie hapa mpaka ujue una nini."

Mpaka rangi hakwenda kupimwa. Alikwenda nyumbani.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani aliposikia mlango. Alimsikiliza mumewe, kisha akaenda jikoni kumletea maji. Juu ya kibao alikuta nusu ya kidonge. Mumewe alikuwa ameisahau. Aliishika, akaitazama, akarudi sebuleni bila maji.

"Vitamini gani hii ya kukatwa na kisu?"

Mpaka rangi alitazama vidole vyake vyenye rangi. Kisha akasema yote: tezi dume, soko, robo, nusu. Alisema taratibu, kama mtoto anayetoa vipande vya sahani aliyoivunja.

Mshonaji hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mpaka sauti yenyewe imechoka. Alitia kikopo na chupa kwenye mfuko.

"Vaa viatu," alisema. "Vyote viwili."

Mfamasia wa duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara aliishi ghorofa ya juu yao. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo cha nyuma ya duka, akafunga mlango. Aligeuza kikopo huku na huku.

"Hakina jina la dawa. Hakina tarehe. Hakina hata jina la kiwanda," alisema. "Ndugu yangu, kila jioni unapita mlangoni kwangu. Ulishindwa hata kubisha hodi?"

"Niliona haya."

"Mficha uchi hazai."

"Huyu anazaa, dada," mshonaji alisema. "Tatizo si hilo."

Mfamasia alisoma alama iliyopigwa juu ya kidonge. "Kwa alama hii, na kwa maneno ya huyo muuzaji, hii ni finasteride, dawa ya tezi dume ambayo hutumika pia kwa upara. Bila karatasi yake siwezi kuapa. Sasa niambie, nani anaosha kibao mnachokatia?"

"Mimi," mshonaji alisema.

"Na una mimba."

Mfamasia alivua miwani, akaiweka mezani.

"Sikilizeni vizuri. Kidonge kizima kina ganda la juu. Ukikikata, dawa iliyo ndani inakuwa wazi. Mwanamke mwenye mimba hatakiwi kuigusa, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Sisemi mtoto wenu amedhurika. Vumbi la kwenye kibao ni kidogo. Lakini hilo si la kubahatisha. Nawa mikono sasa hivi kwa sabuni. Kibao hicho kitupeni. Kesho, kliniki, umweleze mkunga."

Mshonaji aliinuka kunawa. Mumewe alifunika uso kwa viganja.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza," mfamasia alimjibu. "Haya, sasa zamu yako. Kifua kinauma?"

"Ndiyo."

"Na hamu ya kitandani?"

Mpaka rangi alimtazama mkewe, akautazama mlango. "Imepungua. Imeisha. Hata ikiwapo, mwili haufuati."

"Na moyoni? Una huzuni?"

"Naamka sitaki kuamka."

Mshonaji aligeuka, maji yakimdondoka mikononi. Miezi yote hiyo alikuwa akidhani amechukiwa.

"Umewahi kufikiri kujidhuru?" mfamasia aliuliza kwa upole.

"Hapana. Nimechoka tu."

"Likikujia wazo hilo, saa yoyote, nenda hospitali moja kwa moja. Hizi dalili zote zinajulikana. Haziwapati wengi. Katika wanaume mia, ni wachache tu. Wakiacha dawa, wengi wanarudi hali yao. Wapo wachache wanaochelewa kurudi. Ndiyo maana mtu anatakiwa aambiwe kabla ya kumeza, achague akijua. Na wewe, kwa nusu ya kidonge cha miligramu tano, ulimeza mara mbili na nusu ya kipimo cha nywele, ambacho ni miligramu moja."

"Nywele zilizidi kuanguka. Nikadhani dawa ni ndogo."

"Hiyo ilikuwa kazi ya dawa ya kupaka. Wiki za mwanzo huangusha nywele dhaifu ili nyingine ziote. Ungesoma karatasi yake, usingeogopa. Unapaka kiasi gani?"

Mpaka rangi alionyesha kwa mkono. Mfamasia alifumba macho kidogo.

"Kidripu kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ni mililita moja moja. Zaidi ya hapo huongezi nywele. Unaongeza dawa kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinazunguka, na wewe kazi yako ni ya ngazi."

Mshonaji hakuvumilia. "Anyoe yaishe. Kipara kimemuua nani? Baba yake alikuwa nacho, babu yake alikuwa nacho."

"Dada, na wewe punguza," mfamasia alisema. "Ni kweli, upara huu ni wa kurithi, wala si ugonjwa. Lakini kichwa ni chake. Ana haki ya kutaka nywele. Kibao cha jikoni ndicho cha wote, na hapo ndipo alipokosea."

Hapo mpaka rangi akasema habari ya msimamizi, na kofia, na jina la Mzee. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekasirika, lakini ungeniambia."

Mfamasia aliandika barua. Kesho yake asubuhi, mpaka rangi alionana na daktari. Alipimwa moyo na shinikizo la damu, na kifua chake kikachunguzwa. Aliambiwa aache dawa zote mbili. Mshonaji alipimwa kliniki, akaambiwa mtoto anakua vizuri na aendelee kuhudhuria.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki ya tatu maumivu ya kifua yaliisha. Wiki ya sita, mpaka rangi aliamka kabla ya kengele, akatengeneza chai, akamsahihishia binti yake hesabu mpaka wakagombana. Siku chache baadaye, usiku, aliugeuzia ukuta mgongo. Mengine ni ya ndani.

Alirudi kwa daktari na mkewe, wakapima faida na hasara mezani, bila kufichana. Vidonge vingeweza kuzuia nywele zisiendelee kupungua. Lakini angevimeza kwa miaka, na siku akiacha, nywele alizopata zingeanguka tena. Na madhara alikwishayaonja. Akasema havitaki. Dawa ya kupaka aliitaka. Daktari alimruhusu kwa kipimo cha kidripu, huku shinikizo la damu likiangaliwa. Alipaka mapema, ikakauka kabla ya kulala, na chupa ikakaa juu kabatini, mbali na watoto.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Utosi wa baba yake haukujaa. Ulibaki ulivyokuwa, na daktari alisema hiyo nayo ni faida. Kofia alivaa siku za jua tu.

Siku moja kazini, fundi bomba alimvuta pembeni. Naye alikuwa na nywele chache mbele.

"Nasikia una vidonge vya nywele. Nigawie viwili."

"Sina. Nilivirudisha duka la dawa vikateketezwe."

"Basi nielekeze kwa muuzaji."

"Nakuelekeza kwa mfamasia, dada mmoja jirani yangu. Mke wako ana mimba?"

"Inakuhusu nini?"

"Una ugonjwa wa moyo? Umewahi kuwa na huzuni isiyoisha?"

Fundi bomba alishika kiuno. "Mimi nimeomba vidonge, sijaomba kesi."

"Ndiyo maana nakupeleka. Atakuuliza, na wewe mjibu yote. Hata ya kitandani."

"Mbele ya mwanamke?"

Mpaka rangi alichovya brashi kwenye rangi, akaikung'uta ukingoni mwa kopo.

"Mbele ya mfamasia," alisema, akapanda ngazi.