Kielelezo M

Jini hangoji usiku. Hayo ni maneno ya watu wanaotaka kulala raha. Huyu alikuja saa tisa alasiri, jua linawaka, siku ya mtihani wa mwisho wa biolojia, wasichana watatu walipobaki maabara kulinganisha majibu.

Wa kwanza walimwita Daktari. Tangu aanze shule hakuwahi kushika namba mbili, alilijua hilo, na alitaka kila mtu alijue. Wa pili alikuwa Kipipa, mnene, mcheshi, mdomo wake hauna mlango. Wa tatu Mkia, kwa kuwa alimfuata Daktari kila aendako, hata chooni.

"Kielelezo K ni mbegu ya maharage," Daktari alianza.

"Mbegu," Mkia akaitikia.

"L ni panzi."

"Panzi, tena kilema," Kipipa akasema. "Wangu alikuwa na mguu mmoja. Wanauliza sifa zake, nikaandika: mvumilivu."

Mkia alicheka, ila kwanza alitazama kama Daktari anacheka.

"Na M?" Daktari akauliza.

Bomba la sinki likadondosha tone.

"M gani, shoga?" Kipipa akasema. "Vielelezo vilikuwa viwili."

"Msinifanye mjinga. Ile chupa yenye kifuniko cheusi. Ndani hamna kitu, lakini ukiishika ina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Na swali lake: Kiumbe M hana mwili. Pendekeza makao yanayomfaa. Toa sababu tatu na mfano mmoja."

Kipipa akapiga meza kwa vicheko. "Jamani! Mwenzetu kasoma mpaka ubongo umechemka!"

Hapo Daktari akavimba. "Mimi nilijibu. Niliandika: mwanadamu. Ana joto, ana unyevu, na ndani mwake mna giza."

"Na mfano?" Mkia akauliza polepole.

Mwalimu wao aliwafunza jambo moja kuliko yote: swali usiliache wazi, andika chochote, alama moja nayo ni alama.

"Kipipa alikaa mbele yangu," Daktari akasema. "Na asubuhi alinicheka viatu mbele za watu. Nikaandika jina lake. Jina kamili, na la babake."

Kipipa akafunga mdomo. Kicheko kikaendelea.

Kiliendelea ndani ya kifua chake huku midomo imebana, na ile harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura ikageuka harufu ya nguo zilizooza majini, na macho yake, maskini, yakawa yanawatazama wenzake kwa kuomba, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anayechungulia dirishani, hali mikono yake yenyewe inapapasa meza, inapapasa shingo yake, inapima, kama mpangaji anayekagua chumba kipya.

Mkia alitoka mbio mpaka jikoni. Akarudi na Mama Mpishi, aliyeachiwa uganga na bibi yake, amebeba makaa juu ya mfuniko wa sufuria na ubani ameufumbata.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?" Mama Mpishi akauliza, sauti chini.

"Sikuvamia, mama." Sauti zilizotoka kwa Kipipa zilikuwa mbili, yake na nyingine nzito iliyopanda juu yake. "Nimekaribishwa. Kwa maandishi."

Mama Mpishi akatia ubani, moshi ukampita Kipipa kama haumwoni. Akamgeukia Daktari. "Mwanangu, fundo ulilolifunga wewe, mimi siliwezi. Sema jibu lako lilikuwa kosa. Sema haraka, mwenzio anakata roho."

Kweli, kucha za Kipipa zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Daktari alifungua kinywa, akakifunga. Neno lile halikuwahi kupita hapo.

"Nimekosea," akasema mwishowe.

"Kosa bila sahihisho?" jini akajibu. "Nipe mfano mwingine."

"Usimtaje mtu!" Mama Mpishi akamnong'oneza. "Taja jiwe, akae huko! Ukishampa jiwe, hana budi kwenda."

Lakini Daktari alishakosa mara moja mbele za watu, na jiwe halina joto, wala unyevu, na jibu hilo lingempa jini kicheko kingine, akamtazama Kipipa anayekufa, akautazama mlango, akayatazama makaa, hakumtazama hata mmoja wa waliosimama nyuma yake, kisha akainama akaweka midomo kwenye sikio la Kipipa, akasema jina.

Kipipa akaanguka. Akavuta pumzi kama aliyetolewa kisimani, akaanza kumlilia mamake kwa sauti moja, yake mwenyewe. Mama Mpishi akampakata.

"Umemtaja nani?"

"Jiwe," Daktari akasema. Mkoba ulikuwa tayari begani, naye yuko mlangoni.

"Nitazame unaponijibu!"

Daktari hakugeuka. Alishuka ngazi mbili mbili, akaukata uwanja mtupu kuelekea getini, viatu mkononi.

"Nisubiri basi, shoga," Mkia akamwita kutoka dirishani, kwa upole wake wa siku zote, na sauti zilizoita zilikuwa mbili.