Gari Lililomfaa Zilpah

Zilpah alikuwa fundi wa kushona katika kijiji kimoja cha Kabras, karibu na mji wa Malava. Alishona sare za shule na magauni ya kanisa. Alitia viraka hata suruali za wakata miwa. Hakudharau kazi yoyote.

Miaka michache kabla, aliugua uti wa mgongo. Alipona, lakini miguu yake haikupata nguvu tena. Tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Mikono yake ilikuwa mizima. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, naye aliizungusha huku akiimba.

Shida ilikuwa siku ya soko. Mumewe, Wanzala, alimbeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabarani. Huko alimpandisha bodaboda. Bodaboda ya pili ilibeba kile kiti, kimefungwa kwa kamba za mpira. Cherehani ilibaki nyumbani, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Kwa hiyo Zilpah aliuza nguo zilizokwisha kushonwa tu. Mteja akimwambia, "Mama, nipunguzie hapa kiunoni," alijibu, "Nitaenda nayo nyumbani. Njoo wiki ijayo." Wengi hawakurudi.

Siku moja mvua ya alasiri iliwakuta njiani. Bodaboda iliteleza, na Zilpah akaangukia mtaroni pamoja na mzigo wake. Hakuvunjika mahali, ila kiwiko kilichubuka. Sare zote zilijaa matope.

Jioni hiyo Wanzala alimpaka dawa kwenye kiwiko. Obusuma, yaani ugali, ilikuwa mezani, lakini hakuna aliyekula.

"Hii imetosha," Wanzala alisema. "Miwa yetu imekatwa. Na zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika. Nitanunua pikapu ya dizeli, hata kama imetumika. Tutaitengeneza iwe duka lako la kushonea."

"Duka linalotembea, Baba Lynette?" Zilpah aliuliza.

"Linalotembea. Leo Malava, kesho Lubao."

Zilpah alicheka mpaka akasahau kiwiko chake.

Siku iliyofuata Wanzala alikwenda mjini Kakamega. Alimwona dalali wa magari aliyeitwa Barasa. Barasa alimpeleka kwenye uwanja wenye magari mengi na kumwonyesha pikapu nyekundu. Ilikuwa imeinuliwa juu. Magurudumu yake yalikuwa makubwa, na rangi iling'aa kama sahani mpya.

"Hii ni gari ya mwanaume," Barasa alisema. "Matope ya Kabras haitaiweza. Lakini amua haraka. Kuna mtu wa Mumias anaitaka leo."

Wanzala aliizunguka mara mbili. Moyo wake ulikuwa umeshainunua. Akampigia mkewe simu.

"Nimepata!" alisema. "Nataka kulipa sasa hivi."

"Ngoja kwanza," Zilpah alimwambia. "Usilipe kitu. Kesho nitakuja niione. Na nitakuja na Mama Mitchel."

Mama Mitchel alikuwa jirani yao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chepkorir. Alitoka upande wa Nandi, akaolewa hapa Kabras. Kwa miaka mingi alitengeneza matrekta ya kubeba miwa. Sasa alikuwa na karakana yake ndogo Malava.

Kesho yake wote watatu walifika uwanjani. Mama Mitchel hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi.

"Barasa, gari hii imewashwa leo?"

"Ndiyo, mama. Niliipasha moto ili msingoje."

"Ungeiacha ilale," Mama Mitchel alisema kwa upole. Kisha akawageukia majirani zake. "Injini ya dizeli iliyochoka husumbuanga kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto, inawaka tu vizuri. Ukienda kununua, mwambie mwenyewe asiiwashe mpaka ufike."

"Hilo sikujua," Wanzala alisema.

"Tuache injini kwanza. Kuna swali kubwa kuliko hilo. Gari hii itafanya kazi gani?"

"Itambeba Zilpah na duka lake."

"Basi tumwulize Zilpah. Mama Lynette, jaribu kuingia."

Zilpah alisogeza kiti chake mpaka kwenye mlango wa abiria. Mlango ulifunguliwa. Kiti cha gari kilikuwa juu, sawa na macho yake. Aliinua mkono akakigusa ukingoni. Hakuweza kufanya zaidi ya hapo.

"Baba Lynette," alisema polepole, "hapa utanibeba tena. Na utanibeba juu zaidi ya bodaboda."

Wanzala alilitazama lile gurudumu kubwa. Katika kuzunguka kote kule jana, hakuwa amelifikiria jambo hilo.

Mama Mitchel alitandika gunia chini, akaingia mvunguni mwa gari na tochi. Walimsikia akigonga vyuma kwa nyundo ndogo. Ngo, ngo, ngo. Kisha sauti ikabadilika. Ikawa ya kufa, kama mtu anayegonga udongo.

"Wanzala, inama uone," aliita. "Hivi vyuma viwili virefu ndivyo chasisi. Ni uti wa mgongo wa gari. Kila kitu kinakaa juu yake. Umeona imepakwa rangi nyeusi mpya? Si vibaya kupaka rangi. Lakini hapa chini ya rangi kuna kutu iliyokula chuma. Na hapa palivunjika, pakachomelewa."

Wanzala aliinama. Kwa mwanga wa tochi aliona donge la chuma, na pembeni yake ufa mwembamba ukianza upya.

"Tukiweka duka juu ya hii, itakuwaje?" aliuliza.

"Uzito utaongezeka. Siku moja kwenye shimo la barabara, itakatika. Zilpah akiwa ndani."

Barasa naye aliinama akatazama. Alikuna kichwa. "Kusema kweli, mimi nilipewa niuze tu. Huko chini sikuwa nimeingia."

"Sasa umeona," Mama Mitchel alimjibu. "Mwambie mwenye gari. Na atakayekuja baada yetu, mwambie pia."

Walirudi Kabras. Wanzala aliangalia chini njia nzima. Walipofika nyumbani, Zilpah alimshika mkono.

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Nimejikasirikia mimi," alisema. "Nilitaka upite barabarani na gari nzuri, watu wakuangalie. Nilikaribia kukununulia kifo."

"Lakini hukununua. Na nia yako naijua. Asante, baba. Sasa tutafute nyingine pamoja."

Jumamosi iliyofuata Mama Mitchel aliwaletea habari. Huko Mumias kulikuwa na mzee aliyeitwa Mahmoud. Alikuwa akisambaza mikate kwa pikapu. Sasa watoto wake walimwambia apumzike, naye alitaka kuiuza. Mama Mitchel alimpigia simu akamwomba asiiwashe.

Kesho yake walifika kwake mapema. Umande ulikuwa bado juu ya boneti.

"Asalaam aleikum. Karibuni," Mahmoud alisema. "Gari ndiyo hiyo. Sura yake ni ya uzee kama yangu. Raba za vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya mbele zimekwisha, na tairi mbili zinahitaji kubadilishwa. Nawaambia mapema."

Ilikuwa pikapu nyeupe, rangi imepauka. Ilikuwa ya chini, na mlango wa abiria ulifunguka wazi kabisa. Zilpah alisogea. Kiti cha gari kilikuwa juu kidogo tu ya kiti chake. Alishika mpini wa ndani ya mlango, akajivuta. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili nusu ya mwili wake iliingia.

"Tukiweka ubao laini wa kutelezea hapa katikati, ataingia mwenyewe," Mama Mitchel alisema.

Kisha akaanza kazi. Alifungua kifuniko cha rejeta ya maji kwanza, wakati injini ilikuwa baridi. "Usifungue hii kama injini ina moto. Maji yatakuchoma uso." Maji yalikuwa safi, hayana mafuta juu yake. Akavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi, kama ilivyo kawaida ya dizeli, lakini haikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa. Povu hilo lingeonyesha kwamba maji yameingia kwenye oili.

"Sasa washa, Mzee Mahmoud."

Injini iliguna, ikatetemeka, ikawaka. Moshi mweupe kidogo ulitoka, ukaisha.

"Huo mweupe wa kuamkia si neno," Mama Mitchel alieleza. "Ukiona wa bluu, injini inaunguza oili. Ukiona mweusi mzito unaoendelea, dizeli haiungui vizuri. Na ukiona mweupe usioisha, uliza maswali." Alilegeza kifuniko cha oili injini ikinguruma. "Hapa napo, ikipumua moshi kwa nguvu kama sufuria iliyochemka, imechoka ndani. Hii inapumua kidogo tu."

Aliingia mvunguni na tochi na nyundo. Safari hii Wanzala aliingia naye. Waligonga chasisi kutoka mbele mpaka nyuma. Ilikuwa na kutu ya juu juu, lakini sauti haikubadilika popote.

Waliendesha gari mpaka kwenye mlima, wakajaribu gia, klachi na breki. Walilinganisha namba za chasisi na injini na zile zilizo kwenye logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari. Wanzala alitafuta mtandaoni jina la mwenye gari, akahakikisha gari halina deni la benki yoyote. Lilikuwa jina la Mahmoud, na gari lilikuwa huru.

"Msinunue kwa pesa yote mliyonayo," Mama Mitchel aliwanong'oneza. "Bakisheni ya tairi, oili, filta na zile raba. Gari kuukuu hulishwa kwanza ndipo lifanye kazi."

Walielewana bei na Mahmoud bila kelele. Mzee alipoambiwa gari litafanya kazi gani, alikitazama kiti cha Zilpah. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akarudi na matairi mawili ambayo hayajatumika.

"Nilikuwa nimeyanunua mwezi uliopita," alisema. "Chukueni. Yasikae bure hapa."

Zilpah aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Wanzala ndiye aliyesema, "Mungu akuzidishie, mzee wetu."

Kazi ya kuligeuza gari ilifanywa Malava na Shikanga, fundi wa kuchomelea. Mama Mitchel alisimama karibu. Shikanga alipotaka kuchomelea nguzo moja kwa moja kwenye chasisi, Mama Mitchel alimzuia.

"Chasisi usiitoboe wala kuichoma moto. Inapoteza nguvu yake. Tumia mashimo yaliyopo, funga kwa bolti. Na ukichomelea kitu chochote kwenye gari, ondoa kwanza waya za betri."

Walitengeneza kibanda chepesi cha bati na mabomba. Ubavu mmoja ulifunguka juu ukawa kivuli. Meza ya cherehani ilifungwa chini kabisa, isipande juu, ili gari lisiyumbe kwenye kona. Nyuma waliweka ubao mrefu wa kuteremshia kiti cha magurudumu. Mbele, karibu na mlango, walifunga mpini imara.

"Na mimi nitakuwa nikipanda huko nyuma na cherehani?" Zilpah aliuliza.

"Hapana," Mama Mitchel alisema. "Gari likitembea, wewe ni wa mbele, umefunga mkanda. Nyuma ni ya mizigo. Mkifika na kusimama, ndipo uende kazini kwako."

Kazi ilipokwisha, hawakuingia barabarani hivyo hivyo. Walilipeleka gari kukaguliwa, na mabadiliko yakaandikwa kwenye logibuku. Walimjulisha na mtu wa bima. "Usipofanya hivyo, siku ya ajali bima inaweza kukukataa," Mama Mitchel alikuwa amewaambia.

Siku ya soko la Lubao ilifika. Asubuhi Zilpah aliweka ubao wa kutelezea, akashika mpini, akajivuta. Aliingia. Wanzala alikuwa amesimama karibu na mikono imenyooshwa, lakini haikuhitajika. Aliirudisha mikono yake, akaenda upande wa usukani akipangusa macho.

Lubao walifungua ule ubavu wa kibanda. Watu walikuja kwanza kushangaa, kisha wakaleta nguo. Mama mmoja alileta sketi ya bintiye. "Naweza kupata lini?"

"Nunua mboga zako," Zilpah alimjibu. "Ukirudi utaikuta tayari."

Kabla ya saa sita foleni ilikuwa imefika kwa wauza kuku. Mvua ilinyesha kama kawaida yake. Zilpah aliendelea kushona chini ya bati, nguo zikiwa kavu.

Wiki chache baadaye walisimamisha gari mbele ya karakana ya Mama Mitchel. Mama Mitchel alikuwa amekataa kulipwa kwa siku zile alizozunguka nao. Zilpah alimpa kifurushi kupitia dirishani. Ndani mlikuwa na ovaroli ya kazi, ya buluu, jina lake limetariziwa kifuani: Chepkorir.

Mama Mitchel alilisoma jina hilo kwa sauti ndogo. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu alitumie. Akaivaa pale pale juu ya nguo zake. Aliinua mikono juu, akachuchumaa, akasimama.

"Miaka yote nimevaa za wanaume," alisema. "Zinanibana hapa, zinaning'inia pale. Hii imenikaa. Umejuaje vipimo vyangu?"

"Ulipokuwa unakagua magari, mimi nilikuwa nakukagua wewe," Zilpah alisema. "Nisingekata kitambaa kabla ya kupima."

Mama Mitchel alicheka, akaingia mvunguni mwa trekta lililokuwa likimsubiri.