Kikombe Kilichooshwa kwa Udongo

Kila Alhamisi nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kufagia zawia ya babu, nyumba yao ya dhikiri, kutandika mikeka na kujaza maji mtungini. Watu wanaokuja kumtaja Mungu pamoja na babu hunywa wote kwa kikombe kimoja cha bati. Ndiyo desturi yao, na hakuna anayefuta ukingo.

Alhamisi hiyo mama fundi, jirani yetu mshona nguo, alileta mapazia mapya ya zawia. Yeye ni Mkristo. Jua lilikuwa kali, babu akamchotea maji kwa kikombe kile kile. Mwili ulinisisimka kwa kinyaa. Midomo inayoimba kanisani, kwenye kikombe chetu!

Alipotoka tu, nikakimbilia uani nacho. Madrasa tulifundishwa kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi nikakisugua kwa udongo, nikawa nasuuza na kuhesabu kwa sauti.

"Nne... tano..."

"Unaosha nini, mwanangu?"

Mama fundi alikuwa amerudi kuchukua mkasi aliousahau. Akauona udongo, akakitazama kikombe. Ameishi na Waislamu miaka yote, hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe!" akasema taratibu. "Mzee, mapazia yaliyobaki tafuta mtu mwingine."

Babu alikuwa mlangoni. Alikunja uso kama aliyekanyaga kinyesi.

"Nani kakufundisha hili?"

"Ni Mkristo, babu."

"Kuuliza si ujinga, ungeniuliza! Mtu kashona siku tatu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, wewe unamfanya mbwa? Umenichefua."

Nikaitazama mikono yangu yenye tope. Nilijichukia.

"Mama, nisamehe," nikasema huku nalia.

Babu akasuuza tope kikombeni, akachota maji, akampa mama fundi kwa mikono miwili. "Kunywa, binti yangu. Usipokunywa wewe, leo humu hanywi mtu."

Mama fundi alisita sana. Mwishowe akanywa mafundo mawili, akanipa mimi kikombe. Nikayamaliza yote.

"Haya, kesho nitakuja kupima madirisha," akasema, akachukua mkasi wake.

Babu akanishika bega. "Sisi tunamtafuta Mungu kwa dhikiri, mwenzetu anamtafuta kwa nyimbo zake. Dini yetu hatuiachi, mjukuu wangu. Lakini ukimwonea kinyaa kiumbe, umemtia ila aliyemuumba. Uchafu huo uko moyoni, na udongo hauutoi."