Mate Juu ya Kioo

Kioo kilitoka tanurini kikiwa kimelowa. Dolphine alikifuta kwa aproni, akakiweka mezani, na unyevu ukarudi polepole, mzito, wenye mapovu madogo. Kitu kilichopitia moto wa kuyeyusha chupa kina haki gani ya kulowa? Alikiinua akakinusa. Kilinuka kinywa cha mtu asiyejua mswaki.

Akajiambia ni mvuke tu. Mwenye kupenda hakosi kisingizio, na Dolphine alikuwa amependa vibaya. Alikuwa amekwenda na akina mama wa kanisa kutembelea karakana ya vioo pale Kitengela. Wenzake wakapiga picha, wakanywa soda, wakarudi zao. Yeye akaganda mbele ya tanuri akitazama vipande vya chupa vikilainika na kushikana kuwa kitu kimoja. Tangu siku hiyo hesabu za ofisini zikamtoka kichwani. Mumewe, Wakhungu, alisema itapita kama ilivyopita ile homa ya kufuga sungura. Haikupita. Alinunua tanuri ndogo ya umeme, akaiweka stoo nyuma ya jikoni, akaanza kutengeneza hereni na vidani vya kioo, na kidani cha kwanza alimvisha binti yao mdogo, Nakhumicha.

Sasa, vipande vya kioo huteleza, na kabla ya kuingia motoni hushikizwa kwa gundi kidogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Lakini Dolphine alilelewa na nyanya aliyelamba kila uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano, basi naye akalamba. Tone la mate, kipande juu ya kipande, kazi imekwisha. Vioo vyenyewe aliving'oa kwenye madirisha ya gofu moja la nyumba mbugani, upande wa Isinya, mahali ambapo wachungaji huzungusha ng'ombe wao wapite mbali. Vilikuwa vya zamani, vyenye rangi ya chai, na uzuri wao ulimziba masikio asiulize kwa nini hakuna mwizi aliyewahi kuvigusa.

Baada ya unyevu yakaja mapovu. Ndani ya kila hereni paliota povu, na ndani ya povu palitembea kitu cheupe. Alipovunja moja, ute ulimmwagikia kidoleni ukavutika hadi sakafuni bila kukatika, ukiwa na unywele mmoja katikati. Alitapika kwenye sinki. Wakhungu alikusanya vioo vyote akavitupa jalalani. Asubuhi walivikuta mezani vimepangwa vizuri, vimelowa chapachapa.

Kisha Nakhumicha akaacha kula. Alishinda akinyonya kile kidani, udenda ukimtiririka hadi kifuani, ulimi wake umefunikwa na utando wa kijivu, na kila siku alizidi kukonda. Wakijaribu kumvua alipiga kelele mpaka pumzi zinamkata. Dolphine alipombembeleza aseme kinachomuuma, mtoto alimjibu kwa sauti ya chini.

"Ule mtoto wa stoo anasema wewe ni mama yake. Anasema mimi nitoke."

Mchana mmoja, upepo ukipiga mabati na vumbi likiingia chini ya mlango, Dolphine alisikia mlio wa kulamba, ulimi mpana ukipita na kurudi, akaufuata kupitia jikoni akitumaini ni paka, akiomba awe paka, hadi stoo, akamkuta binti yake amekaa mbele ya tanuri iliyo wazi na baridi, kinywa kimeachama, na kutoka gizani mle ndani umechomoza ulimi mwembamba unaopitisha mwanga kama kioo, umeingia kinywani mwa mtoto, unafyonza.

Alimnyakua mtoto akakimbilia nje, akakutana na Mama Sironka, mwenye ploti, Mmaasai anayewaletea wapangaji wake maziwa. Yule mama alimtazama mtoto, akainusa nguo yake, akaweka mtungi chini. Aliuliza vioo vilitoka wapi, na vilishikizwa kwa kitu gani. Dolphine akaeleza yote.

"Yeyo," Dolphine alimwita kwa Kimaasai, yaani mama, "nimwite pasta?"

"Pasta anafukuza kitu imeingia. Hii haikuingia," Mama Sironka alisema taratibu. "Sisi mtoto akizaliwa tunamtemea mate, ndio ajue yeye ni wetu. Wewe umetemea kitu haina mama. Sasa iko na mama. Na haitaki ndugu."

"Nifanye nini?"

"Baraka inaondolewa na mwenye alipeana. Rudisha mate yako. Kwa ulimi. Yote, na usitapike."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na mtoto anayekufa mikononi. Dolphine alipiga magoti stoo akaanza kulamba. Ute ulikuwa vuguvugu, una ladha ya maziwa yaliyooza na kutu ya misumari, na ulipanda kooni kila alipoushusha, naye akaumeza tena, pamoja na nywele, pamoja na damu ya ulimi uliokatwa na kingo za kioo, akalia huku anameza, mpaka kikabaki kidani kilichokuwa bado shingoni mwa Nakhumicha, aliyeshikwa na Mama Sironka mlangoni, na alipokigusa kwa ulimi, kidani nacho kikamlamba.

Alikimeza kile kilichotoka ndani yake, ulimi ule mwembamba. Kioo kikakauka, kikafifia, kikawa kigae tu.

Jioni Nakhumicha aliomba ugali. Alikula akaongeza, na Wakhungu akalia mbele ya sahani bila kuona haya. Mama Sironka alimsafisha mtoto kinywa kwa maziwa, akajifunga shuka yake, na mlangoni akamvuta Dolphine kando.

"Ameshapona. Lakini usimbusu."

"Mpaka lini?"

Mama Sironka alichukua mtungi wake akaenda.

Nakhumicha akaja, ameshiba, mashavu yamejaa mchuzi, akanyanyua uso apewe busu la kulala. Dolphine aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nyuma ya mikono hiyo kinywa chake kilijaa mate mazito, na ulimi ukaanza kujinyoosha, wala si yeye aliyeutuma.