Makadirio ya Shelfu Sita

Mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mtaa wa maduka ya vitambaa haupitiki. Pindo alikuwa amebanwa kwenye kaunta, gauni lake la bluu lililopigwa pasi vizuri limeanza kukunjamana, ameshika ncha ya kitambaa chenye picha za bata wadogo wa njano.

"Hizi si mita tano," alimwambia muuzaji.

"Dada, nimepima mbele ya macho yako."

"Mbele ya macho yangu, ndiyo, lakini kidole chako kilikuwa kinatembea."

Watu wakacheka. Pindo akageuka, akamwona kaka mmoja mrefu anapita na kopo la gundi, ovaroli lake limejaa vumbi la mbao, futi ya chuma inaning'inia kiunoni.

"Kaka, niazime futi yako."

Hakumwazima. Aliweka kopo chini, akapima mwenyewe taratibu, na kitambaa kikapungua vidole vinne. Muuzaji alikata kipande kingine huku akinung'unika kwamba siku hizi wateja wanatembea na polisi wao.

"Futi yangu haijui uongo," alisema yule kaka, akitabasamu.

"Na mwenye futi je?"

"Mwenye futi anafuata futi."

Ndivyo walivyoanza. Yeye alikuwa seremala, na karakana nzima ilimwita Futi. Binti alikuwa fundi cherehani, akaitwa Pindo kwa sababu hakuna pindo aliloshona likafumuka. Nisikudanganye, walipendana haraka, kama watu waliokuwa wamechelewa.

"Umekula?" Pindo angempigia simu mchana.

"Nimekula vumbi la mbao."

"Basi njoo nikupige pasi, na vumbi likutoke."

"Pasi ya moto au ya vuguvugu, mpenzi?"

"Ukifika utajua!"

Kwa miaka saba Pindo alikuwa ameshona kwenye kibaraza cha dada yake mkubwa, akifupisha suruali za watu. Alichotaka ni duka dogo la nguo za watoto. Mwaka huo ikapatikana fremu ya kona, ikitazamana na kliniki ya watoto, mahali ambapo akina mama hupita kila asubuhi na vichanga vyao. Mwenye nyumba alimpa mpaka Ijumaa.

Jumatano Pindo alimwekea Futi daftari magotini. Alikuwa ameandika kila kitu: kodi ya miezi sita, leseni, cherehani ya pili, henga mia, mzigo wa kwanza. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu.

"Hapo nimekuachia wewe. Shelfu sita, kaunta, na mabomba mawili ya kutundikia. Moja juu, la akina mama. Moja chini kabisa, mtoto wa miaka minne afikie, achague gauni lake mwenyewe."

"Mtoto achague? Si atalichafua!"

"Akilichafua, mama yake amelinunua," alisema Pindo, wakacheka. Kisha akaongeza, bila kujua anachokivunja, "Duka likisimama, miaka miwili hivi, ndipo tufunge ndoa. Siwezi kunyonyesha watoto wawili kwa mpigo, duka na ndoa."

Miaka miwili! Futi alikuwa na miaka thelathini na sita, na alishamwahidi mama yake kumletea mkwe kabla ya mwaka kuisha. Alikwenda kupima ile fremu peke yake. Kazi yote ilikuwa ya laki saba, alijua kama anavyojua jina lake. Akatoa penseli sikioni, akaandika milioni moja na laki nne.

Pindo hakuomba apunguziwe. Nani atamshuku mtu aliyemuumbua muuzaji wa vitambaa kwa vidole vinne? Alihesabu, akahesabu tena, midomo ikicheza. Kisha akafunga daftari.

"Basi haiwezekani," alisema, na machozi yakamtoka. "Asante, mpenzi. Mwingine angenidanganya ili anifurahishe tu."

Futi alimfuta machozi kwa kidole gumba. Ijumaa ikapita. Jumatatu fremu ya kona ikachukuliwa na fundi wa simu.

Nafsi ilianza kumsuta hapo hapo, lakini nafsi ya mwanaume aliyepata alichotaka huwa haina haraka. Kila alipoweka futi juu ya ubao aliona vidole vya Pindo vikihesabu. Alikata mlango wa mteja ukawa mfupi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Wiki ya pili Pindo akampigia. "Njoo, nina zawadi."

Ilikuwa shati. Kola imekaa, mikono imekaa, vifungo vyeupe vimepangwa sawasawa, na kifuani kote bata wadogo wa njano wanaogelea.

"Kile kitambaa kilikuwa cha nguo za kwanza za duka," alisema Pindo. "Nikaona bora akivae mtu aliyeniokoa na hasara."

Dada mkubwa alichungulia mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, umependeza! Kama shuka la kitanda cha mtoto!"

Futi hakucheka. Alifungua kifungo cha juu, kisha cha pili, kama mtu anayekosa hewa.

"Pindo, zile shelfu ni laki saba."

"Shelfu zipi?"

"Zako. Niliandika mara mbili ya bei."

Pindo alimtazama usoni. "Ulitaka faida kwangu mimi?"

"Hapana, sikiliza..."

"Toka, Futi."

Futi alipiga simu mara kumi na moja siku ile. Mara ya kumi na mbili akapokea dada mkubwa.

"Shemeji, anasema mwizi hapigwi polepole, wala hapigi simu."

"Dada, nakuomba, mwambie sikutaka hela. Niliogopa miaka miwili. Nilitaka duka lishindikane anioe... yaani, nimuoe."

Dada alirudia maneno yale kwa sauti. Simu ikanyakuliwa.

"Hela ningekusamehe!" Pindo alifoka. "Wiki mbili nimejiona mjinga. Nimejiambia nina tamaa, natamani vilivyonizidi. Kumbe vilikuwa saizi yangu, wewe ndiye uliyenipunguza! Vidole vinne vya yule muuzaji ni nafuu."

Akakata. Futi alibaki na simu sikioni.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Alikuwa akizunguka mbali ili asipite kwenye ile kona, na akipita kwa bahati mbaya, aliwaona akina mama na vichanga wakipita mbele ya duka la simu bila kugeuza shingo.

Kisha ukaja ujumbe: "Nimepata fremu. Nimeita mafundi watatu walete bei. Uje kama fundi."

Fremu ilikuwa uchochoroni, nusu ya ile ya kona, na hakuna kliniki wala nini. Pindo alishika ncha ya futi kwa mkono wake mwenyewe, na kila kipimo akakisoma kwa sauti kabla hajamruhusu aandike.

"Laki tano," alisema Futi.

"Wenzako wamesema sita. Umenihurumia?"

"Sijakuhurumia. Nimepima. Lakini Pindo, naomba nikufanyie bure."

"Hapana. Ukinifanyia bure utaona umeshalipa dhambi yako." Akamhesabia nusu ya malipo, akadai na risiti.

Alifanya kazi siku tisa. Siku ya mwisho alikuwa amepiga magoti, anakaza skrubu za lile bomba la chini. Jasho lilimzidi akafungua ovaroli, na Pindo aliyekuwa anatundika henga akaona bata wa njano wakichungulia.

"Unalivaa?"

"Kila siku ya kazi. Linanikumbusha."

Pindo aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa. Futi hakuinuka pale chini.

"Nioe... Nikuoe, Pindo. Hata baada ya miaka miwili. Hata mitano."

"Na leo tena umekosea," alisema Pindo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nakuona umeinama. Lakini mdomo wako siuamini. Niandikie makadirio. Kila gharama ya kuishi na wewe, na usipunguze."

Futi alitoa penseli sikioni. Aliandika mstari mmoja kwenye kipande cha mbao, akampa asome.

Alikuwa ameandika: *Fremu ya kona. Imelipwa na Pindo.*

Pindo alisoma, akasoma tena. Nje mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto wake, akauliza kama wameshafungua. Pindo akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akamrudishia Futi ule ubao.

"Hiyo ilishalipwa," alisema. "Andika mstari wa pili."